Ziwa la Mama Mkwe

Wenzangu wa pale barazani, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Kila anayeleta suruali ya kupunguzwa anauliza kwanza habari za safari, halafu ndipo anakumbuka suruali. Nimeamua kuyaandika yote mara moja, mpeane wenyewe, na mimi nishone kwa amani. Habari za nauli na vibali nimeziacha kwa sababu hazina utamu. Muwasomee na wale wasioweza kusoma, ila msiongeze chumvi, iliyomo inatosha.

Mama mkwe wangu, mama yake Kabula, mnamfahamu kwa sura. Ni yule mama mrefu anayekuja mjini wakati wa mavuno na kukaa uani kwetu akiwa amenipa mgongo. Anaishi kijijini, kwenye tambarare yetu ile ambayo mtu akipanda kichuguu anajiona yuko juu. Lakini hakuzaliwa hapo, aliletwa na ndoa kutoka upande wa Ushirombo. Siku zake za kwanza ukweni aliulizwa ameona nini cha ajabu huko kwao, naye akajibu kwa kiburi cha bibi harusi: "Nimeliona ziwa mlimani."

Nyumba nzima ilicheka. Ziwa liko Mwanza, chini, hata mtoto anajua, na maji hayawezi kukaa juu ya mlima yasimwagike. Yeye akazidi kuharibu kwa kusema kwamba maji yenyewe yalisimama juu kuliko miti. Tangu siku hiyo kijiji kile hakina neno uongo. Mtu akidanganya anaambiwa anawaletea ziwa la mlimani, na mke wangu amekua akiitwa binti wa ziwa.

Mkubwa wa wacheshi hao ni Mzee Ngassa, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Yeye ni shemeji wa Mayu, ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu, kwa hiyo utani ni haki yake. Hadithi yake mwenyewe kubwa ni ile ndege ya serikali aliyoiona shambani akipalilia pamba, na kwa hadithi hiyo hakuna aliyewahi kumcheka.

Mwaka huu utani uligeuka shubiri. Jirani mmoja aling'oa minyaa ya mpakani akajisogezea kipande cha shamba la Mayu, kile kizuri cha karibu na lambo. Mayu ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka mumewe alipoipanda minyaa ile. Akasimama kikaoni, akaeleza. Mzee Ngassa, ambaye ndiye mkubwa wa kikao, akasema kwa kujichekea, "Shemeji, na hilo nalo lisije likawa ziwa la mlimani." Watu wakacheka, kikao kikavunjika, na mpaka ukabaki pale ulipohamishiwa.

Mayu alipong'ang'ania, Mzee Ngassa akampa sharti mbele ya watu wote. Alete shahidi wa hilo ziwa, mtu ambaye yeye hangeweza kumfundisha la kusema, na mpaka utasikilizwa upya. Kila mtu alijua kwamba hana. Watoto wake wangesemwa wamemtetea mama yao. Mayu akafikiri kidogo, akasema, "Nitakwenda na mkwe wangu."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Duniani humu hakuna shahidi asiyefundishika kuliko mimi. Kabula ananyonyesha mapacha wetu, Kulwa na Doto, hangeweza kuja. Alinifungia nguo akaniambia, "Baba Kulwa, ukimgusa mama hata kidole, shamba limekwenda."

Tena haikuwa safari ya kuahirisha. Macho ya Mayu yameanza kuingia ukungu, na kiangazi kingine hakuna aliyejua kitamkuta anaona nini. Mimi mwenyewe, niwaambie kweli, nilikuwa nimejiandaa kurudi na pole.

Shinyanga hadi Kagongwa: karani mpatanishi

Basi lilikuwa limebakiza kiti kimoja cha watu wawili. Utingo akatushika mabega, akasema, "Mama na mwana, kaeni hapa." Niliruka kama niliyekalia moto. Nikamwambia huyu ni mama mkwe wangu, na basi zima likaelewa palepale. Baba mmoja mwenye kuku akahama, mama mwenye mtoto akasogea, mzee akahamishwa na gunia lake, na mwisho wake mimi nikawekwa kiti cha nyuma kabisa, juu ya matairi, na Mayu mbele karibu na dereva. Tukaanza safari tukiwa na watu wote kati yetu, kama inavyotakiwa.

Aliyekaa nami huko nyuma alikuwa karani mmoja wa serikali, mtu wa pwani, ndiyo kwanza anahamishiwa Kahama. Shati lake lilikuwa jeupe hadi tulipopita vumbi la kwanza. Mayu alikuwa amebeba kibuyu chake cha maji, kile cha shingo ndefu, na kila alipotaka kuniambia kitu alimtuma mtu. Ujumbe ulipita kinywa hadi kinywa: "Mama anauliza kama mkwe wake ana koti." Jibu likarudi kwa njia ileile. Karani alitazama huku na huku, akaniinamia.

"Ndugu yangu, mmegombana na mama?"

"Hatujagombana. Tunaheshimiana."

Akatikisa kichwa kwa huruma, ikawa kama nimemwambia tumepelekana mahakamani.

Kabla ya Kagongwa tairi likapasuka. Tukashuka wote, na gari likapandishwa kwa jeki juu ya mawe. Jua lilikuwa kali na kivuli ni kimoja tu, cha mti wa mgunga. Mayu akakaa kivulini, kwa hiyo mimi nikakaa juani. Karani akazidi kuumia moyo. Tulipofika Kagongwa aliingia mgahawani mbele yetu, na mimi nilipomaliza kunawa nilikuta ametuwekea sahani moja kubwa ya ugali na nyama, viti viwili vikitazamana, na Mayu ameshakalishwa.

"Kaeni mle," akasema karani. "Nimelipia mimi. Damu haigeuki maji. Mkila pamoja yataisha."

Mimi nilitazama ukutani. Kumkataa mgeni chakula alichokitoa kwa moyo ni aibu, na kukila ni kulipoteza shamba. Ndipo nikamsikia Mayu akisema, taratibu kabisa, akiwa amekiinamia kibuyu chake:

"Kibuyu, mwambie baba wa watu kwamba mkwe wangu ana adabu nzuri, ndiyo maana amekaa mbali. Kisha mwambie yeye mwenyewe ana njaa, akae hapo ale na mimi, maana hakuniolea mwanangu."

Watu walicheka hadi mpishi akatoka jikoni. Karani naye, alipofahamishwa, alicheka akala, na mimi nikapewa nyama yangu uani kwenye bakuli la peke yangu. Kuanzia hapo, mahali tulipokosa mtu wa tatu, kibuyu ndicho kilichokuwa mtu wa tatu.

Kagongwa hadi Ushirombo: dada ambaye hakuliona

Kutoka Kahama tulipata lori la pamba. Mayu alikaa ndani kwa dereva na mimi juu ya marobota, na kwa kweli nilikaa kama chifu. Pamba ni laini na upepo wa kiangazi ulikuwa mtamu. Nilikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyofungiwa na Kabula, nikamshushia dereva na Mayu mengine kwa kamba kupitia dirishani. Lori lilipita njia isiyo yake mara tatu kwa ajili ya salamu za dereva, maana alikuwa na ndugu kila kijiji.

Ushirombo tulilala kwa dada yake Mayu, Bibi Theresia, karibu na misheni. Yeye ndiye alikuwa tumaini letu. Walipokuwa wasichana wadogo, baba yao aliswaga ng'ombe hadi Geita kuwauzia watu wa mgodi, na safari moja aliwachukua wote wawili. Kama kuna mwingine aliyeliona ziwa, ni yeye. Nilikaa nje ya mlango nikiwa nimewapa mgongo, nikawasikia wakizungumza Kisumbwa na Kisukuma vikiwa vimechanganyika, wakicheka na kulia kidogo, kisha Bibi Theresia akaja kunieleza mimi.

"Mwanangu, ziwa la mlimani sikuliona. Siku ile nilibaki chini nachunga ng'ombe, yeye akapanda na baba. Alishuka anaropoka, nikadhani jua limempiga."

"Na mlima wenyewe unaukumbuka, Bibi?"

"Huo naukumbuka. Ni mlima uliojitwika. Jiwe moja limekaa juu ya jiwe lingine, unaweza kudhani ni mwanamke ametoka kisimani. Pitia Geita, uelekee upande wa Nungwe. Ukiuona hutauliza jina."

Basi, nikasema moyoni, tumekuja hadi hapa kupata mlima, na ziwa bado halijapata mtu mwingine. Asubuhi tulikwenda misa ya kwanza. Mayu aliketi upande wa wanawake, mimi upande wa wanaume, na kwa mara ya kwanza katika safari ile tulikaa sawasawa na watu wengine wote.

Ushirombo hadi Geita: watu wa duara

Kabla ya kufika Geita, vilima vikaanza kuota huku na huku, vyenye mawe makubwa ya kijivu yaliyopangana vibaya. Sisi watu wa tambarare tunapoona vilima vingi tunahisi tumezingirwa. Mayu hakuwa hivyo. Alishuka kwenye gari akinusa upepo na kutembea kama msichana, na mimi nikawa nahangaika kuongeza hatua bila ya kumsogelea.

Geita tulianza kuuliza njia, na hapo ndipo tulipokosea. Kwetu mtu akiuliza mlima wenye mawe mawili anaonyeshwa mlima. Kule kwenye dhahabu, mama mzee aliyetoka mbali na kutafuta mlima mmoja maalumu, akiwa na mwanamume anayemfuata kwa nyuma bila kumsemesha, ameshaelekezwa na mganga. Hakuna tafsiri nyingine.

Mchimbaji mmoja akatufuata tangu sokoni. Jina lake Makoye, mtu mzima mwenye udongo mwekundu hadi kwenye kope, na nyuma yake wenzake wawili wenye sululu.

"Shikamoo, mama," akasema, kisha akasalimu tena kwa Kisukuma. "Mwangaluka. Mganga wa wapi huyo?"

Mayu akamjibu moja kwa moja, maana yeye hakuwa mkwe. "Marahaba. Hatujatumwa na mganga. Tunatafuta ziwa."

"Ziwa liko kule chini, kila mtu analijua. Mlima ni wa nini?"

"Mimi nalitaka lile la mlimani."

Makoye akawatazama wenzake. Niliona kabisa neno hilo likiwaingia. Wakaamua palepale kwamba ziwa ni jina la siri la mwamba wenye dhahabu nyingi. Nilipojaribu kueleza habari ya minyaa, mpaka na Mzee Ngassa, nikazidi kuwathibitishia, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayesafiri hivyo kwa ajili ya minyaa.

"Sawa, baba," Makoye akaniambia kwa upole mkubwa. "Sisi tutawasindikiza tu. Mlima mnaoutaka tunaujua. Duara letu liko chini yake, huu mwaka wa pili tunachimba."

Duara ndilo jina la shimo lao. Nikawauliza kama juu ya mlima huo kuna maji. Makoye akasema hajui, hajawahi kupanda. Mali iko chini, huko juu mtu akafuate nini?

Mlima Uliojitwika

Ulikuwa palepale Bibi Theresia aliposema, zaidi ya Geita, na hakuna aliyehitaji kutuonyesha. Jiwe lilikuwa limekaa juu ya jiwe. Mayu alisimama chini akainua uso, na ukungu wa macho yake ukamruhusu kuona umbo tu. Akasema, "Ndiye." Hakusema ndio, alisema ndiye, kama amekutana na mtu.

Makoye na mwenzake mmoja hawakungoja. Walidhani tukifika pamoja tutagawana, basi wakaukwea ule mlima mbio, wakamwacha mwenzao wa tatu chini alinde sululu na shimo. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe wangu, na mlima.

Nusu ya kwanza ilikuwa njia ya mbuzi na hatukupata tabu. Nilitangulia, nikawa napiga kelele kuliambia kila jiwe, "Jiwe hili linateleza," ili asikie. Kisha tukafika kwenye mwamba mmoja mpana, mkavu, umeinama vibaya, na hapakuwa na njia nyingine. Nilipanda kwa mikono na magoti. Nilipogeuka, huku nikitazama pembeni, nilimwona kwa mkia wa jicho amesimama chini ya mwamba na kibuyu kifuani. Alijaribu mara moja, mguu ukateleza. Alijaribu tena, akakaa.

Makoye alikuwa hasikii. Hapakuwa na mtu wa kumpa mkono ila mimi, na mkono wangu ulikuwa ndio mkono pekee duniani asioweza kuushika. Nilikasirika sana pale juu. Nilimkasirikia Mzee Ngassa, nikaikasirikia minyaa, nikakasirikia hata heshima yenyewe.

"Kibuyu," nikamsikia akisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mwambie mkwe wangu aende peke yake. Atazame, arudi kusema. Shahidi ni yeye, si mimi."

Ilikuwa sawa kisheria. Shamba lingepona. Lakini ni nani angeweza kushuka kutoka juu ya mlima ule akamwambia mwenye ziwa lake habari za ziwa lake? Nikatazama fimbo yangu, ile ya mwanzi ninayopimia vitambaa virefu, ambayo niliichukua kwa ajili ya nyoka. Nikalala kifudifudi juu ya mwamba, nikaiteremsha ncha moja, nikageuzia uso upande wa pili.

"Kibuyu," nikasema, mara yangu ya kwanza kukisemesha, na mnicheke mkitaka, "mwambie Mayu kwamba fimbo si mkono."

Alikuwa akifikiri. Mayu hachezei mwiko, nilijua angekataa kama angeona kuna hila. Halafu nikahisi fimbo imekuwa nzito. Nikavuta, naye akapanda, hatua kwa hatua, mimi nikitazama magharibi na yeye mashariki, hadi nikasikia pumzi yake pembeni yangu na kibuyu kikigonga jiwe.

Juu kabisa, chini ya lile jiwe lililojitwika, Makoye na mwenzake walikuwa wamekaa. Hawakuwa wakichimba, wala hawakugeuka. Nikasimama nyuma yao na kutazama walikokuwa wakitazama.

Mimi ziwa nimeliona Mwanza. Nimesimama gatini na maji yakawa chini ya miguu yangu, mahali pake. Hili halikuwa lile. Chini yetu kulikuwa na miti, mingi, inateremka na kuteremka, na mahali miti ilipoishia, maji yalianza yakapanda. Yalipanda juu ya vichwa vya miti, yakapanda juu ya vilima vidogo, yakasimama usawa wa macho yangu, bluu, mapana, na visiwa vimening'inia katikati. Ng'ambo haikuonekana kwa sababu ya ukungu wa kiangazi, kwa hiyo hapakuwa na mahali maji yalipoishia. Yalikuwa juu. Nilitazama kwa macho yangu haya mawili, nikashindwa kuyateremsha.

Kwa mkia wa jicho nilimwona Mayu amesimama pembeni, uso ameuelekeza huko, akipepesa macho. Nikajua hakuona ila weupe. Hakuniuliza, maana kuuliza kungekuwa kufundisha. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Kibuyu, mkwe wangu anaona nini?"

"Kibuyu, mwambie Mayu ninaona maji. Yamesimama juu kuliko miti."

Alikaa chini akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika. Baadaye ndipo aliposema, na hakumwambia kibuyu, wala mimi, wala Makoye: "Nilikuwa nimeanza kudhani niliota."

Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa jambo langu mwenyewe lolote, hata siku ile mapacha walipozaliwa. Nilikuwa nimekuja kuchukua pole, nikapewa ziwa zima.

Mlinzi wa sululu alichoka kungoja. Akapaza sauti kutoka chini: "Makoye, mmepata nini huko?"

Makoye akasimama, akaweka mikono mdomoni, akajibu: "Tumeliona ziwa mlimani."

Yule wa chini akaangua kicheko, tukakisikia hadi juu. "Ziwa mlimani? Mmekunywa nini?"

Hapo nikashtuka. Maneno yalikuwa yaleyale na kicheko kilekile. Makoye alikuwa amesema kweli tupu, kwamba yeye yuko mlimani na ameliona ziwa, na mwenzake akalipandisha ziwa mlimani akamwacha Makoye chini. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza bibi harusi yule nani alikuwa mlimani, yeye au ziwa. Naye alikuwa mtoto wa ng'ombe na nyasi, ameyaona maji yamesimama juu ya miti, angewezaje kujua kwamba kuna swali?

Ziwani

Tuliteremka na Makoye upande wa pili hadi ufukweni, mwenzake akarudi kwa mlinzi wa sululu. Alisema dhahabu haitakimbia. Kuanzia hapo tulikuwa watalii, na ninawaambia, hakuna kazi nzuri kama hiyo.

Kiangazi huko ni sikukuu. Watu wameshauza pamba, shule zimefungwa, na ufuko umejaa. Akina mama walikuwa wakianika dagaa juu ya mawe hadi mawe yameng'aa, na vijana walikuwa wakiruka majini kutoka kwenye mwamba. Tulikodi mtumbwi, Mayu mbele, Makoye katikati, mimi nyuma, tukazunguka visiwa viwili vya mawe matupu ambako mnandi walikuwa wamekaa mabawa wazi wakijianika. Furukombe alishuka mbele yetu akachukua samaki na kuondoka. Mayu alisikia mlio wake akaomba aelezwe, na Makoye akamweleza kwa ufasaha hadi nikamwonea wivu.

Mchana tulikula sato wa kuchoma na ugali wa muhogo. Mayu alikula upande huu wa jabali, mimi upande ule, na Makoye akawa anazunguka kula pande zote mbili. Alifaidi kuliko sote.

Kabla ya kuondoka Mayu aliingia majini hadi magotini na khanga yake. Aliosha uso, akaosha macho, akayasikiliza mawimbi. Makoye akamuuliza kama ni zuri kama la mlimani. "Zuri," akasema. "Lakini huku chini ni la watu wote." Kisha akamwaga maji ya kibuyuni aliyotoka nayo nyumbani, akakijaza ya ziwa, akakiziba kwa gunzi.

Shinyanga: kikao

Kurudi hakuna hadithi. Gari liliharibika tena, lakini mtu anayerudi na ushindi haoni kukawia.

Kikao kiliitwa, na kijiji kizima kikaja, kwa sababu kila mtu alitaka kicheko cha mwisho. Mzee Ngassa akanisimamisha katikati. Kwangu yeye ni baba mkwe vilevile, kwa hiyo niliinamisha kichwa.

"Baba Kulwa, mlikaa kiti kimoja na mama mkwe wako?"

"Hapana, baba. Uliza basi zima."

"Mlikula pamoja?"

"Hapana. Karani mmoja alijaribu, akashindwa."

"Alikufundisha neno?"

"Alisema na kibuyu tu."

"Ulimgusa?"

"Nilishika fimbo. Yeye naye alishika fimbo."

Wazee wakanong'onezana juu ya fimbo. Walikubaliana kwamba fimbo ni mti.

"Haya," Mzee Ngassa akasema, na kicheko chake kilikuwa tayari mdomoni. "Umeona nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi mazuri njiani. Yote niliyaacha.

"Nimeliona ziwa mlimani."

Kikao kililipuka. Walicheka, wakapigana mabega, mtu mmoja akasema sasa wako wawili. Mzee Ngassa alifuta machozi. Nikabaki nimesimama, na kwa mara ya kwanza nilijua ni nini mwanamke yule alikuwa amebeba tangu harusi yake. Ndipo Mayu, aliyekaa nyuma na wanawake, akainuka. Yeye kwa Mzee Ngassa ni shemeji, na utani ni haki yake pia.

"Shemeji," akasema, "ile ndege yako ya serikali uliiona wapi?"

"Kila mtu anajua. Niliiona shambani."

"Shambani hasa?"

"Shambani, katikati ya pamba. Niliiona kwa macho yangu."

"Na yenyewe ilikuwa inapalilia?"

Kwanza walicheka wanawake. Kisha kicheko kikaanza kupita upande wa wanaume, polepole, mmoja mmoja, kila aliyeelewa akimgusa jirani yake. Nilimwona Mzee Ngassa akitazama juu angani, halafu akatazama chini miguuni pake, halafu akanitazama mimi.

"Baba Kulwa," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa mlimani?"

"Mimi, baba. Na Mayu kabla yangu. Ziwa liko mahali pake. Lakini ukilitazama ukiwa kule, maji yanasimama juu kuliko miti, kama alivyowaambia."

Hakuna aliyecheka tena. Mayu akapita katikati ya watu akiwa na kibuyu, akang'oa gunzi, akamimina maji kwenye kata, akapiga goti na kumpa shemeji yake kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Kupanda hukutaka, basi lenyewe limeshuka."

Mzee Ngassa aliipokea kata ile, akanywa hadi ikaisha. Akafuta ndevu kwa kiganja, akamuuliza ile minyaa ilikuwa imeanzia wapi.